Msimsingizie Mkulima

“Binti, mkulima wa korosho kule Newala atanufaika nini na hizi atomu zako?”

Aliyeuliza ni mzee ninayemheshimu. Alivua miwani, akaiweka juu ya andiko lililokuwa likijadiliwa, akasubiri jibu. Wajumbe wa kamati wakacheka. Mimi sikucheka, lakini kinywa sikufungua, na ukimya wangu wa asubuhi ile ndio unaonifanya niandike leo, nikijua fika kwamba nimechelewa.

Msichana aliyesimama mbele yetu alikuwa mwanafunzi wangu. Aliomba fedha kidogo za shahada ya uzamivu ili achunguze jinsi mpangilio wa atomu unavyobadilika ndani ya vioo vya metali pale vinapovutwa au kubanwa. Hakuomba mtambo. Aliomba kompyuta moja yenye nguvu, umeme wa uhakika na miaka mitatu. Alijaribu kujibu, akataja transfoma, akakatizwa. Uamuzi ulioingia kwenye muhtasari ulikuwa wa sentensi moja: andiko lirekebishwe ili liendane na vipaumbele vya taifa. Alishukuru kwa adabu, akakusanya karatasi zake, akatoka.

Sitamtaja mtu wala chuo, kwa sababu kosa hili halina mwenyewe mmoja. Swali lile nimelisikia katika vikao vingi, likitoka katika vinywa vya wasomi, maofisa na wanasiasa, na kila mara muulizaji huketi akiwa na sura ya mtu aliyeitetea nchi yake. Nadai kwamba hakuitetea. Swali la mkulima, linapoulizwa mlangoni kabla mtu hajaruhusiwa hata kueleza anachotaka kukijua, ni uvivu uliovaa kanzu ya uzalendo. Na nitalithibitisha dai hili kwa mada ileile iliyochekwa.

Kwanza tuelewane kinachozungumzwa. Nenda sokoni utazame muuza machungwa anavyoyapanga: safu juu ya safu, kila chungwa likikaa kwenye kishimo kilichoachwa na mengine chini yake. Ndivyo atomu zinavyokaa ndani ya chuma, shaba, dhahabu na metali nyingine tulizozizoea. Mpangilio huo wa kujirudiarudia huitwa fuwele. Sasa chukua machungwa, ndimu, malimau na madanzi, yamwage yote kwa pamoja ndani ya gunia. Yatabanana sawasawa, lakini safu hutaziona. Kioo cha metali ni gunia hilo. Ni metali kweli, inayong’aa na kupitisha umeme, ila atomu zake zimekaa shaghalabaghala kama za kioo cha dirisha.

Kuitengeneza metali ya namna hii kulidhaniwa kuwa jambo lisilowezekana, kwa kuwa metali iliyoyeyuka ikipoa hukimbilia kwenye fuwele. Mwaka 1960, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, Klement, Willens na Duwez walitangaza kwamba wameipoza aloi ya dhahabu na silikoni kwa kasi kubwa mno, ya kiwango cha nyuzi milioni moja kwa sekunde, hata atomu zikakosa muda wa kujipanga. Kilichopatikana kilikuwa kipande chembamba kisichokuwa imara hata kwenye joto la kawaida la chumba. Tena hawakuwa wamedhamiria kukitafuta. Mbinu ile ya kupoza haraka Duwez aliibuni ili ajibu swali jingine kabisa, kuhusu aloi za fedha na shaba na sababu za metali hizo mbili kukataa kuchanganyika kikamilifu zinapoganda.

Hebu tumlete Duwez mbele ya kamati yetu. “Profesa, mkulima atanufaika nini na kijipande hiki cha dhahabu kisichoweza hata kukaa siku mbili bila kuharibika?” Asingekuwa na jibu. Angeambiwa arekebishe andiko. Na miaka ya 1970, pale kampuni ya Allied Chemical ya Marekani ilipoanza kuuza tepe za aloi za chuma na boroni zilizogandishwa kwa njia iliyotokana na kazi ile, sisi tungekuwa miongoni mwa wanunuzi, kama tulivyo.

Lakini mwanafunzi wangu hakutaka kutengeneza kioo cha metali. Alitaka kujua kinachotokea ndani yake kinapotiwa mkazo, na hapo ndipo uhondo wa jambo hili ulipo.

Metali ya kawaida ikivutwa kupita kiasi, tunajua inavyoshindwa. Mwaka 1934 wanasayansi watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba fuwele haiteremki yote kwa mara moja. Hufanya kama watu wanaotaka kulisogeza jamvi kubwa la msikitini: badala ya kulikokota zima, hulikunja tuta dogo upande mmoja na kulisukuma tuta hilo mpaka upande wa pili. Kasoro ndogo katika safu za atomu ndiyo tuta hilo, na kwa sababu yake waya wa shaba unapinda mkononi bila kukatika. Elimu nzima ya uhunzi wa kisasa, kuanzia mabati hadi mabawa ya ndege, imesimama juu ya hadithi hiyo.

Kwenye kioo cha metali hakuna safu, kwa hiyo hakuna tuta la kusukuma. Ndiyo maana vioo hivi vina nguvu ya kushangaza: vingi huweza kunyumbuka hadi karibu asilimia 2 ya urefu wake na kurudi vilivyokuwa, kiwango ambacho metali nyingi za kawaida hazikikaribii. Na ndiyo maana vikishindwa, hushindwa ghafla. Ukivivuta, vingi haviinami wala havirefuki ili kukupa onyo. Ndani yake hufunguka ukanda mwembamba wenye unene wa sehemu 10 hadi 20 za bilioni moja ya mita, atomu za pande mbili zikateleza juu yake, na kipande kikakatika. Mwaka 2006 Lewandowski na Greer walikipaka kioo cha metali utando mwembamba wa bati, kisha wakakilazimisha kuteleza. Walipotazama mahali pa mtelezo waliikuta bati imeyeyuka na kujikusanya kama vitone vya umande. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi. Kwa kitambo kifupi kupita kope ya jicho, ukanda ule usioonekana ulikuwa tanuri.

Swali ni hili: mtelezo ule huanzia wapi? Ni atomu zipi zinazoachia kwanza, na zilikuwa na nini ambacho jirani zao hawakuwa nacho? Katika fuwele unaweza kuonyesha kasoro kwa kidole, kwa sababu unajua safu ilipaswa kupita wapi. Katika gunia la machungwa na ndimu, kasoro ni ipi, wakati kila mahali pamekaa tofauti na pengine?

Katika kulijibu swali hili, watu wamepiga hatua za kusisimua. Mwaka 1987 Suzuki, Haimovich na Egami walitumia eksirei kuonyesha kwamba kioo cha metali kilichovutwa polepole kwenye joto hubaki na kumbukumbu ya mvuto huo: vifungo kati ya atomu havikuwa tena sawa kwa kila upande, ingawa kwa macho kipande ni kilekile. Baadaye zikaja sinkrotroni, zile mashine kubwa za duara zinazozalisha eksirei kali mno. Eksirei hizo zikipita kwenye kioo cha metali huacha picha ya pete. Kikivutwa, pete hujikunyata na kuwa duaradufu, na kutokana na umbo hilo mtafiti huhesabu kila tabaka la majirani wa atomu limesogea kiasi gani. Mwaka 2005 Poulsen na wenzake walionyesha kwamba majirani wa karibu kabisa hunyumbuka kidogo kuliko kipande kizima kinavyoonekana kunyumbuka. Maana yake, hata pale tunapodhani kipande kinavutika na kurudi tu kama mpira, ndani yake majirani wanabadilishana nafasi. Mwaka 2010 kundi alilokuwemo Egami likakadiria kwamba robo hivi ya ujazo wa kioo cha namna hiyo haishiki kama kitu kigumu halisi. Imejificha katikati ya robo tatu nyingine zilizoshikilia umbo.

Nilipoisoma tena hoja hiyo usiku mmoja, nilimkumbuka binti yule akikusanya karatasi zake na kutushukuru. Kwa nje hakuna kilichobadilika.

Sasa najua jibu la wenzangu: “Mhadhiri, hayo ni ya matajiri. Sinkrotroni tutaitoa wapi?” Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa sehemu yake ni kweli. Afrika ndilo bara pekee linalokaliwa na watu lisilo na sinkrotroni hata moja. Lakini isikilizeni historia ya mada hiihii. Mwaka 1979 Ali Argon, profesa wa MIT, akiwa na mwenzake Kuo, alitaka kujua atomu zilizokaa ovyo husogeaje zinapotiwa mkazo. Alitumia nini? Povu la sabuni. Walitandaza tabaka moja la viputo vya ukubwa tofauti juu ya maji, wakalisukuma pembeni, wakatazama. Waliona kwamba viputo havitelezi kwa safu. Vikundi vidogo hujipinda kwa pamoja, kimoja hapa, kingine pale, kisha hutulia. Kutoka kwenye maoni hayo limezaliwa wazo ambalo mpaka leo ndilo uti wa mgongo wa taaluma hii: kwamba kioo cha metali husalimu amri kupitia vijikundi vya makumi ya atomu vinavyogeuka kwa pamoja, na vinapokuwa vingi na kukaribiana, ndipo ukanda hufunguka.

Sabuni, maji, sinia na jicho. Je, ni kipi kati ya hivyo ambacho hatuna?

Mwaka 1998 Falk na Langer walilipeleka wazo hilo mbele kwa kuigiza mwendo wa atomu ndani ya kompyuta. Kazi ya ukubwa ule leo yaweza kufanywa na kompyuta moja ya maabara. Programu ambayo mwanafunzi wangu alikusudia kuitumia, LAMMPS, iliyoanzia katika maabara za Sandia nchini Marekani, hutolewa bure kwa yeyote duniani. Na hata hizo sinkrotroni, nyingi huwapa muda bila malipo watafiti walio tayari kuyachapisha matokeo yao hadharani, mradi andiko lao lishinde mashindano. Pale Allan, nchini Jordan, tangu 2017 inafanya kazi sinkrotroni ya SESAME, inayomilikiwa kwa pamoja na nchi ambazo nyingine hata salamu hazipeani: Iran na Israel zimo, Misri imo, Pakistani imo. Afrika Kusini imejiunga kama mshiriki na ile ya Grenoble, Ufaransa. Hao wote wana wakulima. Wana maskini. Hawakuona kwamba kuwa na maskini ni sababu ya kutojua.

Kwa hiyo fedha ni kikwazo, lakini andiko lile halikukataliwa kwa sababu ya fedha. Lilikataliwa kabla bajeti yake haijafunguliwa.

Niliahidi pia kulijibu swali la mkulima, maana lina jibu. Tazama transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako. Usiku wa manane, taa zote zikiwa zimezimwa, bado inanguruma. Mngurumo ule ni umeme unaoliwa na kiini chake cha chuma saa 24 kwa siku, kuna mtumiaji au hakuna. Viini vilivyotengenezwa kwa tepe za kioo cha metali hupunguza upotevu huo kwa takriban theluthi mbili zikilinganishwa na chuma cha silikoni cha kawaida. China na India zimezitundika transfoma hizo kwa wingi. Umeme unaopotea ndani ya kiini hulipiwa na mtu, na mtu huyo ni pamoja na mkulima wa Newala mwenye mashine ya kusaga au jokofu la duka.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Tepe zile zinaudhika upesi kwa mkazo. Kiini kikibanwa vibaya, upotevu wake hupanda. Tepe ikishapashwa joto ili kuondoa mikazo iliyobaki ndani yake, ambayo ni hatua ya lazima, inakuwa dhaifu na kuvunjika kama kaukau. Isitoshe, transfoma ya namna hiyo ni kubwa zaidi kwa umbo na bei yake ya kununulia iko juu. Je, inatufaa? Kwa barabara zetu za makorongo, ambako mzigo hurukaruka siku tatu kabla ya kufika, kiini kitafika kikiwa vilevile? Anayeweza kulijibu swali hilo mezani pa zabuni ni mtu anayejua atomu hufanya nini chini ya mkazo. Mtu huyo tulikuwa naye chumbani, amesimama, anajaribu kutaja neno “transfoma”. Tukamkatiza ili tumuulize kuhusu mkulima.

Hata hivyo sitaki jibu la transfoma ndilo liwe ushindi wangu, kwa sababu nikishinda kwa njia hiyo nitakuwa nimekubali sheria ya mchezo: kwamba ujuzi hauruhusiwi kuingia mpaka uonyeshe stakabadhi ya faida. Duwez hakuwa na stakabadhi. Argon na sinia lake la povu hakuwa nayo. Kati ya kijipande cha dhahabu cha 1960 na transfoma ya mtaani kuna miaka mingi ambayo hakuna mtu mwaminifu angeweza kuahidi lolote. Anayedai faida ijulikane kwanza anadai, bila kujua, kwamba utafiti wote ufanyike kwingine na sisi tuletewe mwishoni, ukiwa umefungwa kwenye sanduku lenye bei.

Na hapa ndipo mfano wa korosho, alioutoa mzee wetu mwenyewe, unapomgeuka. Msiba mkubwa wa mkulima wa korosho ni upi? Kila mtoto wa Mtwara na Lindi anaujua. Tunauza korosho ghafi. Inapanda meli na maganda yake, inabanguliwa India na Vietnam, na thamani inabaki huko. Tumelilalamikia jambo hili tangu nikiwa mwanafunzi, na wanasiasa wa kila chama wamelihutubia. Lakini ughafi haukuanzia kwenye korosho, wala hauishii hapo. Katika pwani ya kusini ya Kenya, pale Kwale, mchanga wenye madini ya titani na zirkoni ulichimbwa kwa miaka kumi na zaidi, ukapakiwa Likoni, ukaenda zake. Mgodi umefunga Desemba 2024. Zirkoniamu, metali inayopatikana kwenye madini ya zirkoni, ndiyo uti wa aloi mashuhuri za vioo vya metali vya kisasa, zile ambazo Peker na Johnson kule California, na Inoue kule Sendai, Japani, walizivumbua mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, zinazoweza kugandishwa polepole na kwa unene wa sentimita kadhaa. Sidai kwamba mchanga wa Kwale ulikwenda kutengeneza vioo hivyo. Sehemu kubwa ya zirkoni duniani huishia kwenye vigae na vyombo vya kauri. Ninachouliza ni hiki: katika miaka yote hiyo, ni kijana gani wa ukanda wetu aliyepewa fursa ya kuiuliza metali ile swali lake mwenyewe?

Tunauza korosho ghafi, mchanga ghafi, na sasa tumefika kwenye akili ghafi. Binti yule hayuko nchini tena. Alipata nafasi katika chuo kimoja cha Ulaya, ambako hawakumuuliza habari za mkulima. Walimuuliza iwapo anaelewa udhaifu wa njia aliyoichagua. Mwaka jana alinitumia picha. Ilikuwa pete ya eksirei iliyojikunyata kuwa duaradufu, na chini yake ameandika: “Mwalimu, ndiyo hii.” Nilifurahi, kisha nikaona haya. Tulimsomesha kuanzia darasa la kwanza kwa kodi ya mkulima yuleyule, na siku alipokuwa tayari kubanguliwa, tukampakia melini na ganda lake.

Wapo watakaosema: basi waacheni wenzetu wavumbue, sisi tusome majarida yao na kuchukua kinachotufaa. Hoja hii inavutia kwa kuwa ni rahisi. Lakini jarida la sayansi halisomwi kama gazeti. Asiyewahi kuigiza mwendo wa atomu hawezi kujua ni ukurasa gani wa makala ile unaodanganya, ni namba gani imetokana na kupoza haraka kupita uhalisia, ni hitimisho lipi limetangulia ushahidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama hakuna wakala. Taifa lisilokuwa na watu wachache wanaozama kwenye maswali ya msingi haliwezi hata kuwa mnunuzi mzuri; litauziwa chochote chenye kijitabu kizuri cha maelezo.

Wapo pia watakaosema madawati na dawa kwanza. Nakubali kwamba mtoto anayeketi chini ana dai zito kuliko atomu yoyote. Lakini ningependa kuonyeshwa dawati moja lililonunuliwa kwa fedha alizonyimwa mwanafunzi wangu. Tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 nchi za Afrika zimekuwa zikiahidiana asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya sayansi na teknolojia, na nyingi mpaka leo hazijafika. Asilimia 99 tulikwisha kuiacha kwa madawati, dawa, magari na semina. Ugomvi wangu ni juu ya kijiko, nao wanaulinda mtungi dhidi ya kijiko hicho.

Nimalizie kwa mkulima mwenyewe, kwa kuwa katika mjadala mzima hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Mjomba wangu ana mikorosho, si mingi, upande wa Newala. Msimu uliopita nilikwenda kumsalimu. Baada ya shikamoo na habari za wagonjwa na za mazao, akaniuliza kazi inaendaje, nami nikajikuta namsimulia kisa cha binti yule. Nikamweleza habari za machungwa yaliyopangwa na machungwa yaliyomwagwa guniani, za jamvi na tuta lake, za ukanda unaofunguka ghafla. Sikutumia neno hata moja la Kiingereza. Fuwele ni neno letu, mkazo ni neno letu, duaradufu limo kwenye vitabu vya hisabati vya watoto wetu. Alisikiliza huku akimenya mhogo. Kisha akasema:

“Kwa hiyo mpwa wangu, kikivutwa, nani anaanza kuachia?”

Nilinyamaza. Hilo ndilo swali lenyewe. Ndilo walilokuwa wakilihangaikia Argon, Egami na Langer, na wapo mpaka leo watu wenye sinkrotroni na kompyuta za ukubwa wa nyumba ambao hawajalimaliza. Mzee aliyeishia darasa la saba alilifikia kabla mhogo haujaisha, kwa sababu alisikiliza kwanza. Hakuuliza atapata nini. Aliponiona nimekaa kimya akaongeza, “Ama na nyinyi hamjui?” Nikamjibu hatujui. “Basi mwacheni huyo mtoto atafute.”

Ombi langu kwa kamati, kwetu sote tunaokaa upande ule wa meza, ni dogo. Tuondoe swali la faida mlangoni na kuliweka ndani, baada ya mengine matatu: Je, swali la mtafiti ni la kweli? Je, njia yake inaweza kulijibu? Je, yeye mwenyewe anaiweza njia hiyo? Tutenge fungu moja, hata liwe jembamba, kwa ajili ya maandiko yasiyoahidi chochote isipokuwa kujua. Vyuo vya ukanda huu vichangiane kompyuta moja yenye nguvu badala ya kila kimoja kununua kumi zisizotosha. Na vijana wetu wasaidiwe kuandika maombi ya muda kwenye mashine za wengine mpaka tutakapokuwa na yetu.

Kikao kijacho ni mwezi ujao, na kwenye orodha kuna andiko la kijana mwingine, kuhusu jambo ambalo nalo halina uhusiano wowote na korosho. Najua nani atauliza, na najua atauliza kwa maneno gani. Safari hii nitaomba nafasi ya kusema kabla ya kicheko, na nitaanza kwa kueleza kwamba mkulima wa Newala amekwisha kutoa maoni yake.